Kufunga Mshipa si Kumponya Mtoto

Maneno tunayoyatumia huongoza maswali tunayoyauliza. Chukua mfano wa ugonjwa wa moyo unaowapata watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Wengi huuita "tundu la moyo", ilhali si tundu bali ni mshipa. Mtoto akiwa tumboni, mshipa huo huiwezesha damu kuyakwepa mapafu, ambayo bado hayapumui. Aliyetimiza miezi, mshipa wake hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mapema mno, huenda ukabaki wazi na damu ikafurika mapafuni.

Madaktari wana dawa tatu za kuufunga. Indomethasini ilianza kutajwa mwaka wa 1976. Ibuprofeni iliyofuata huufunga sawasawa na hiyo, lakini haidhuru figo sana, wala haileti kwa kiwango kile hatari ya utumbo kufa. Tangu mwaka wa 2011, parasetamoli nayo imepimwa, na imeonekana kukaribiana na ibuprofeni.

Ipi bora basi? Kwa maoni yangu, swali hilo lina kasoro, kwa sababu kitenzi "kufunga" kimekalia kiti cha "kuponya". Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023, uliofanyiwa watoto 273 Uholanzi, Ubelgiji na Denmark, ulionyesha kwamba kifo au madhara makubwa ya mapafu au utumbo yaliwapata asilimia 63.5 ya waliopewa ibuprofeni mapema. Miongoni mwa waliosubiriwa bila dawa, yaliwapata asilimia 46.3. Mwaka wa 2024, utafiti wa Uingereza wa watoto 653 haukuona kwamba ibuprofeni ya mapema ilipunguza vifo wala madhara ya mapafu.

Haimaanishi kwamba dawa hizi ni bure; wapo watoto wachache wanaozihitaji. Wala kusubiri si kutelekeza: mtoto hukaa chini ya uangalizi wa saa zote, akisaidiwa kupumua. Aidha, asitokee mzazi wa kununua parasetamoli dukani na kumnywesha kichanga.

Walimu na wanafunzi wenzangu, tujizoeze kuuliza dawa imemfanyia nini mtoto, si imeufanyia nini mshipa. Naye mama anayeombwa kutia sahihi wodini ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa.