Kusoma Si Kutamka

Jioni moja mjini Chake Chake nilikuwa barazani kwa jamaa yangu mmoja, fundi seremala. Binti yake wa darasa la sita alipewa chupa ya dawa ya kikohozi iliyonunuliwa kwa ajili ya mdogo wake. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Akayasoma kwa sauti, maneno yakimtiririka kama maji ya mfereji, na baba yake akatabasamu kwa fahari. Mama, aliyekuwa amempakata mgonjwa, akauliza: "Basi mwanangu, nimpe vijiko vingapi?"

Binti akainamisha kichwa. Nilipoichukua chupa nikaona kuwa maneno yale yale aliyoyatamka yalikataza dawa hiyo kupewa mtoto aliye chini ya miaka sita. Mgonjwa alikuwa na miaka minne.

Ndugu msomaji, jambo hili si la nyumba moja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyeelewa asomacho hapotezi somo la Kiingereza peke yake. Hupoteza na hesabu anayoiweza.

Dawa yake ni nini? Mwaka 1969 chuo cha udaktari cha McMaster, huko Kanada, kilianza kuwafundisha wanafunzi kwa kuwapa kwanza tatizo la mgonjwa, kisha wao wenyewe wakatafute maarifa ya kulitatua. Njia hiyo imeenea katika masomo mengi. Lakini je, ni ngeni kwetu? Bibi akisema "Kitendawili!" nasi tukajibu "Tega!", swali hutangulia na akili ikafuata. Hali kadhalika, mwalimu wa chuoni anajua kuwa kuisoma Kurani ni somo moja, na tafsiri yake ni somo jingine.

Basi na Kiingereza tukifanye hivyo. Kabla mtoto hajasoma, apewe jambo la kutafuta: dawa hii ni ya nani? Mbegu hizi zipandwe kwa umbali gani? Akisoma akiwa na swali moyoni, kila neno analipima kama linamsaidia au halimsaidii.

Michezo nayo ina nafasi yake. Watoto wa Unguja na Pemba walijifunza kwa redio katika vipindi vya Tucheze Tujifunze, wakiimba, wakicheza na kujibu maswali. Baadaye, katika shindano la kimataifa la XPRIZE ambalo washindi wake walitangazwa mwaka 2019, watoto wa karibu vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto hao walijifunza kwa Kiswahili, na hilo tulizingatie: aliyezoea kutafuta maana katika lugha yake hataacha kuitafuta katika lugha ya kigeni.

Umeme hufika Pemba kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, uliozinduliwa mwaka 2010, na simu zimejaa majumbani. Lakini si kila mchezo wa simu ni mwalimu. Mchezo ambao mtoto anashinda kwa kubonyeza ovyo mpaka abahatishe humfundisha kubahatisha. Unaofaa ni ule ambao asiyeelewa maagizo hawezi kusonga mbele. Na hata huo, mzazi aketi karibu, amwambie: "Kabla hujabonyeza, nieleze kwa Kiswahili umeambiwa ufanye nini." Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuuliza hivyo, na kigugumizi cha mtoto kitamwonyesha palipo na kasoro. Asiye na simu atumie karatasi ya dawa au mfuko wa mbegu. Swali ni lile lile.

Mama yule hakumpa mwanawe dawa. Asubuhi alimpeleka kituo cha afya. Tangu siku hiyo kila karatasi ya Kiingereza inayoingia nyumbani mwao hukabidhiwa binti, na mama humuuliza: "Inatuambia tufanye nini?" Mara nyingine binti huomba muda, akafungua kamusi. Wazazi wenzangu, tusione aibu kumpa mtoto muda huo. Afadhali mtoto anayesita akatafuta maana kuliko anayetiririka asijue asemacho.