Boksi la mama

Leo nina hasira.

Oktoba 2025 serikali ya huku Marekani ilianza kuwadai Watanzania wanaoomba viza ya matembezi dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Nikaanza kudunduliza ili mama aje amwone mjukuu. Januari 1, 2026 viza yenyewe ikasimamishwa! Haya, nikasema atume boksi la zawadi kwa posta. Nako Agosti 2025 walishafuta msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800, posta za nchi nyingi zikasitisha mizigo kwa muda.

Mimi ni raia, kodi nalipa. Wanaozidisha siku wapo, sikatai, waadhibiwe wao. Bibi wa watu na kanga zake ana kosa gani?

Mkimwona mwambieni asilifungue boksi, bado napambana.