Gasketi Mpya ni Haki ya Fundi



Mafundi wa Kigali, kuanzia Gatsata inayojulikana kwa gereji zake, hufunga manifoldi mpya za hewa kwenye malori ya dizeli. Hilo hatulipingi. Tunachopinga ni mwajiri kununua manifoldi, kisha kumwamuru fundi arudishe gasketi kuukuu ili kubana matumizi.

Gasketi iliyokwisha kubanwa imelala, haizibi tena sawasawa. Kwenye injini isiyo na turbo, hewa hupenya hapo bila kupita kwenye chujio, na vumbi jekundu la kiangazi husaga ringi na silinda. Kwenye injini yenye turbo, hewa huvuja nje: moshi mweusi hutoka, na lori lenye shehena hukosa nguvu likipanda Shyorongi. Gundi pekee si dawa, maana kipande kikimeguka huingia katika injini.

Injini ikifa, nani hulaumiwa? Si aliyekataa kununua gasketi, bali fundi na dereva!

Kwa hiyo tunadai: kwanza, gasketi inunuliwe pamoja na manifoldi. Pili, anayetaka ya zamani irudishwe aandike amri hiyo na kutia sahihi. Tatu, asikatwe mshahara mfanyakazi aliyetii.

Nasi tutimize wajibu wetu: tusafishe nyuso zote mbili, tukaze boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kiwanda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo usijengwe kwa jasho letu.