Hilo Si Hamri, Ni Mandazi

Bango limechorwa mnazi na jahazi, na katikati limeandikwa: Vyakula vya Kiswahili. Hapa ni Nairobi, mtaa sitautaja, saa mbili asubuhi, baridi ya Julai. Nilikuwa nimemaliza miezi mitatu tangu nihame Kisauni na sijaonja mbaazi. Niliingia mbio kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Niliagiza mahamri mawili na mbaazi za nazi. Nikaletewa mandazi mawili ya pembe tatu, mazito kama sponji iliyolowa maji, na bakuli la mbaazi zilizopikwa kwa nyanya na vitunguu. Nikamuuliza kijana aliyenihudumia, nazi iko wapi?

"Boss, nazi hatuweki sana juu watu wa hapa hawaipendi."

Sana! Hata harufu yake haikuwepo. Nikala mandazi, nikalipa bei ya hamri.

Sina ugomvi na mandazi. Ugomvi wangu ni na lile bango. Hamri halifanywi hamri na pembe zake. Linafanywa na tui, iliki, hamira na usiku mzima. Mamangu alikuwa akianza mahamri ya asubuhi jana yake jioni. Avunje nazi, akae juu ya mbuzi, akune hadi mkono ufe ganzi. Akamue tui la kwanza, zito, aliweke kando. Amwagie maji machicha, akamue la pili. Unga ukandwe kwa tui, ufunikwe, uachwe uumuke huku sisi tumelala. Saa kumi alfajiri karai liko motoni, na kila hamri likizama anakaa nalo, analimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa mwiko mpaka lifure. Ukilipasua, ndani ni uwazi mtupu. Mbaazi nazo zimelowekwa, zimechemshwa mpaka zikalainika, zimeivia kwenye tui la pili, na lile zito linaingia mwisho, moto mdogo, ukikoroga kwa adabu, la sivyo linakatika. Jua likichomoza amekwisha kuuza nusu ya beseni. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye karai hilo.

Sasa, ofisini nikichelewa dakika tano kwa sababu ya jam ya Thika Road, lazima kuna mtu aseme: mwacheni huyo, ni wa Pwani. Watu wanacheka. Mimi pia hucheka, maana usipocheka unaambiwa huna utani. Ati sisi wavivu, kazi yetu ni baraza na kahawa.

Basi niambieni ni nini hasa kilichoachwa njiani chakula chetu kilipopanda kuja huku. Si iliki, iko kila supamaketi. Si nazi, nimezinunua humu humu mjini. Kilichoachwa ni kazi. Angalia pilau. Rangi yake hutoka kwa kitunguu ulichokisimamia mpaka kikawa cha hudhurungi. Ukikiwahi pilau inapauka, ukichelewa inakuwa chungu. Hapa wanamwaga masala ya pakiti, wali unageuka rangi ya udongo, kisha wanaketi kunifanyia mzaha wa uvivu.

Nitaambiwa nazi ni ghali. Sawa, pandisha bei, nitalipa. Nitaambiwa niende Eastleigh. Huenda, na wali wao naupenda, lakini ule ni wa Kisomali na sijaona pale anayeubandika jina la kwetu. Na kuna akina mama wa Pwani wanaopika majumbani mwao hapa Nairobi, ukipata namba ya mmoja wao ilinde kama nywila ya benki. Siwasemi hao. Namsema mwenye bango.

Wala sidai usafi wa asili. Biriani ilivuka bahari kutufikia. Chapati pia ilitoka India, na tazama Nairobi ilivyoipokea: kila mtaa una mtu anayejua kuikunja ikafumuka tabaka tabaka, na ukimuuzia msee wa huku chapati ngumu atakutangaza plot nzima. Mji huu unajua kujifunza ukitaka. Jaribu kuuza githeri ya mahindi matupu, uone kama utafika saa sita. Kwa nini basi hamri ndilo la kupikwa vyovyote?

Mimi nimeamua kujikunia. Nilizunguka Gikomba nikitafuta mbuzi, na kila niliyemuuliza alinielekeza Kiamaiko, kwenye machinjio. Mwishowe niliteremka Mombasa nikachukua ya mamangu ya zamani, nikapanda nayo treni imefungwa kwenye leso. Jumamosi usiku nakuna jikoni, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Mahamri yangu bado hayafuri vizuri. Mamangu kwenye simu anasema naharakisha.

Kwa hiyo wewe mwenye bango, chagua. Amka saa kumi, au panda ngazi na brashi ufute. Andika mandazi na mbaazi za nyanya. Asubuhi hiyo hiyo nitakuja, nitainywea chai mandazi yako, na nazi sitaiuliza.