Presha ya Kijana Iulizwe Chanzo

Kijana wa miaka 25 akikutwa na presha, majibu huwa tayari mdomoni: ana mawazo, anapenda chumvi, kwao ni ya ukoo. Huenda ni kweli. Lakini ndugu zangu, nawasihi tusiishie hapo. Kwa baadhi ya vijana chanzo kimejificha kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

Tezi hizo hutoa homoni ya aldosteroni, inayoufanya mwili ubakize chumvi na kutoa potasiamu kwa mkojo. Ikizidi, chumvi na maji hujaa mwilini, presha hupanda na kung'ang'ania hukohuko hata mgonjwa akimeza dawa za aina tatu. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, na hadi leo wagonjwa wengi hawajawahi kupimwa. Linaniuma hilo, maana tezi moja tu ikiwa ndiyo yenye kasoro, kuiondoa kwa upasuaji kunaweza kuimaliza presha kabisa. Wasiofaa kupasuliwa wana dawa yao, spironolaktoni.

Dalili za aldosteroni kuzidi hupuuzwa kirahisi: misuli kulegea au kukaza, kuamka usiku kwenda haja ndogo. Wengine hawasikii chochote. Tezi hizohizo hutoa pia adrenalini na kotisoli. Adrenalini ikizidi, mambo huja kwa vipindi: kichwa kinagonga, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio, na jamaa wakaanza kutafuta mganga. Kotisoli nayo ikizidi huvimbisha uso na kunenepesha tumbo huku miguu ikikonda. Dada zangu, na kaka pia, hapa niseme wazi: baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali zinazofanya kazi kama kotisoli, na zikipakwa mwili mzima kwa miezi hupenya ngozi na kuweza kuleta hali hiyohiyo.

Kwa hiyo, kijana ambaye hujafika miaka 40, presha ikipimwa tena na tena ikabaki 140/90 au zaidi, muulize daktari: "Homoni zangu tumeziangalia?" Vipimo huanza na damu tu, kupima aldosteroni, renini na potasiamu. Potasiamu ikiwa sawa, bado ugonjwa unaweza kuwepo. Dawa usiziache mwenyewe.

Matabibu na wauguzi wetu, mkiona kijana anaongezewa dawa kila kliniki na presha haishuki, mpeni rufaa mapema. Nanyi mnaomsindikiza, hakikisheni amebeba kila anachotumia, vidonge, mitishamba, hata kopo la krimu.