Jiwe la kisimani na meno ya mtoto

Mzazi mwenzangu, ukichimba kisima maeneo ya Mlima Meru, usilitazame jiwe kwa nje tu. Miaka ya jua na mvua hulifanya jiwe la volkano kuwa jekundu au la kahawia, likafanana na udongo. Lipasue kwa nyundo: ndani ni jeusi au kijivu, mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na gesi.

Maji yanayopita kwenye miamba hiyo huweza kubeba floraidi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa yasiyotoka kwa mswaki, na ikizidi sana hupindisha mifupa. Kuchemsha hakuiondoi.

Jiwe linakupa tahadhari. Jibu liko maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pima kabla mtoto hajanywa.