Barua ya Wazi kwa Baraza la Kutunga Sheria la Kansas

Waheshimiwa wajumbe mliopo Topeka,

Naomba ruhusa niwakumbushe mkutano wa Wyandotte wa Julai 1859, ambako wanaume waliochaguliwa walikaa kuandika katiba ya jimbo lenu, ilhali Bibi Clarina Nichols, mtetezi wa haki za wanawake asiyekuwa na kiti wala kura, aliketi kando siku baada ya siku akifuma na kusikiliza, hata akawashawishi wawape wanawake haki ya kumiliki mali, haki sawa juu ya watoto wao, na kura katika mambo ya shule. Katiba hiyo, iliyoandikwa na watu walioukataa utumwa, yatamka mwanzoni kabisa kwamba binadamu wana haki sawa za asili zisizoondoleka. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kansas ikahukumu kwamba miongoni mwa haki hizo imo ya mwanamke kuamua juu ya mwili wake, na kwa hiyo juu ya mimba yake.

Hukumu hiyo iliwaudhi wengi wenu, nanyi mkawauliza wananchi, jambo lililokuwa halali yenu. Tarehe 2 Agosti 2022, wiki sita hazijatimia tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitangua hukumu ya Roe iliyolinda haki ya kutoa mimba nchini kote, watu wa jimbo ambalo tangu 1964 halijampa ushindi mgombea urais wa Democratic walikataa, kwa asilimia 59, kuiondoa haki hiyo. Siamini kwamba wote hao waona kutoa mimba ni jambo jema; naamini wengi wao waliona kwamba uamuzi mzito kama huo si wa serikali.

Sasa mwawapelekea, Agosti 2026, swali jingine: majaji wa mahakama hiyo wachaguliwe kwa kura, badala ya kuteuliwa na gavana kutoka majina yanayopendekezwa na tume ya uteuzi, utaratibu uliowekwa mwaka 1958 baada ya gavana mmoja kujiuzulu ili ateuliwe jaji.

Waheshimiwa, ikiwa shabaha ya swali hili ni kupata majaji watakaoiondoa haki ya kutoa mimba, insafu yataka mseme hivyo waziwazi, katika kila mkutano mtakaowaomba watu kura. Na ikiwa sivyo, ahidini hadharani kwamba hamtamuuliza mtaka ujaji yeyote atakavyoihukumu ibara ile ya 1859.

Wenu kwa heshima.